Keki Iliyokatwa Mara Mbili

Kwenye kibanda kimoja cha Tandika, Dar es Salaam, kuna kibao kilichoandikwa: "Kunyoa, Fundi Simu, Picha za Pasipoti, MC wa Harusi." Mteja mgeni akiuliza mafundi wengine wako wapi, mwenye kibanda hujibu, "Wametoka kidogo." Hajatoka mtu. Wote wanne ni yeye.

Wazee wa mtaa wamemkumbusha mara nyingi habari za fisi aliyeshindwa na njia mbili. Yeye huwajibu kwamba fisi yule hakuwa na bodaboda.

Yakaja kumkuta Jumamosi ya harusi. Michango ilikuwa inasuasua, na kamati ikaona imeokota embe dodo: mtu mmoja amnyoe bwana harusi asubuhi, apige picha mchana, ashereheshe usiku, tena kwa bei ya kuelewana.

Asubuhi, bwana harusi kanyolewa upande wa kulia tu, akaingia mama mwenye simu isiyopokea chaji. "Naiangalia mara moja tu, bosi wangu," jamaa akasema, akaweka mashine chini na kushika bisibisi. Mpaka tundu la chaji lisafishwe kwa sindano na mswaki, msafara ulikuwa umeshapiga honi nje, na upande wa kushoto ukanyolewa kwa mwendo wa zimamoto.

Usiku ikafika zamu ya keki. "Wapiga picha, sogeeni mbele!" akatangaza kwa sauti nzito. Hakusogea mtu. Ndipo akakumbuka wapiga picha ni nani, akatupa maikrofoni mezani na kukimbilia kamera. Maharusi, kwa kutosikia neno jingine, wakakata. Jamaa alipoinua kamera, bibi harusi alikuwa anatafuna. Keki ikageuzwa, ikakatwa upya kwa nyuma.

"Kaka," mwenyekiti wa kamati alimnong'oneza, "tumekulipa uongee au upige picha?"

Ukiwauliza wazee, watasema kosa ni wingi wa kazi. Lakini kwa wingi wa kazi, Bi Kidude wa Zanzibar alimwacha jamaa mbali: taarabu yake, ngoma ya msondo yake, ukungwi wa unyago wake, hina na dawa za miti shamba pia. Mwaka 2005 akatunukiwa tuzo ya muziki ya WOMEX, na alipofariki Aprili 2013 hakuna aliyemlilia kama mtu aliyekosa njia. Tena kazi zake kadhaa zilimfuata mteja mmoja, mwari anayeolewa. Ila kufunda kuna siku zake, hina ina siku yake, na taarabu ina usiku wake. Mkono uliochora maua haukutakiwa kwenye ngoma saa ileile.

Shaaban Robert naye aliingia forodhani mwaka 1926, akawa karani huko hadi 1944, kisha akaendelea na ofisi nyingine za serikali. Mashairi na insha havikumsubiri astaafu. Ofisi ilikuwa na saa zake na mshahara wake, kwa hiyo mshairi alikula alichochuma karani.

Jamaa wa Tandika amepanga upya ratiba. Kunyoa na simu ni Jumatatu hadi Ijumaa, na kila kazi ina kiti chake, ili asiyenyolewa asigombane na asiye na chaji. Kamera imebaki kwa picha za pasipoti. Jumamosi ni maikrofoni peke yake, na kwenye mkataba ameandika hivyo kwa herufi kubwa.

Jumamosi ya kwanza ya utaratibu huo, wazazi wa bibi harusi wakiwa ndio wanaingia ukumbini, amplifaya ikazima. Fundi mitambo alikuwa ameenda kula. Jamaa akachomoa bisibisi mfukoni mwa koti la suti, akafungua kifuniko, akabadili fyuzi, muziki ukarudi. Ukumbi ukapiga vigelegele ambavyo utani wake wote wa usiku ule haukuvipata. Alipouliza malipo ya ufundi, mwenyekiti alimfungulia mkataba na kumwonyesha zile herufi kubwa.