Kuhama Kampuni, Kubaki Mnarani

Hapa Simbo, magharibi mwa Tanzania, tuna jirani asiyevumilia dharau ya mtandao. Intaneti ikigoma tu, huyo kwenye mwavuli wa wakala: namba ya NIDA, kidole kwenye mashine, laini mpya. Simu yake ina laini mbili ndani, na nyingine zimebandikwa kwa selotepu nyuma ya kava. Bando la wiki linakwisha muda, video ya dakika tatu bado inazungusha kiduara.

Haki ya kuhama anayo. Tangu Machi 2017 anaruhusiwa hata kuondoka na namba yake ileile. Shida ni huko anakohamia. Kampuni za simu siku hizi hupanga minara, nyingine zikifunga mitambo yao kwenye chuma kimoja. Jamaa anabadili chumba, nyumba ni ileile! Na baada ya mnara safari ndiyo kwanza inaanza: Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000, kisha nyaya za baharini. Mei 12, 2024 EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota nchi nzima, kwa waliohama na wasiohama.

Basi, jirani, kabla hujarudi kwa wakala, pima kasi ya laini hiyohiyo saa kumi alfajiri na saa mbili usiku. Ikikimbia alfajiri na kutambaa usiku, huenda mitambo ya laini hiyo mnarani imeelemewa na watu. Ikitambaa saa zote, kagua simu: ya 3G haitashika 4G hata uizungushe kampuni zote za Tanzania.