Marehemu Hawakawii

Kuna watu wazima walioapa kusoma katuni zote za Marvel, kuanzia Fantastic Four ya 1961. Haya, someni. Mmarekani Douglas Wolk alimaliza vijitabu zaidi ya 27,000, akaandika na kitabu, na akili zake zimo. Ila mhusika akifa, machozi yenu yawekeni akiba. Superman, wa kwa jirani zao DC, aliuawa 1992. Watu wakapanga foleni madukani kununua toleo la msiba, na 1993 marehemu huyoo, nywele mpaka mabegani. Kwa Marvel, Norman Osborn, adui wa Spider-Man, alichomwa kifuani 1973, akarudi 1996. Mjane wa huko akikaa eda, anajisumbua. Spider-Man mwenyewe, Peter Parker, mwanafunzi wa sekondari wa 1962, bado kijana. Mvi anaota msomaji.