Range Rover ya Mjomba

Tangu mwaka 1973 sheria ya nchi yetu ya Kongo humlazimu kila mwenye gari kulikatia bima ya kuwafidia watakaodhuriwa nalo, na juu ya hilo sina shutuma, maana ni haki na insafu. Taabu imo katika orodha. Karani wa bima haandiki alionalo uani, bali huandika lile alilokwisha kuandikiwa, na gari lisilokuwamo hutiwa katika ukoo wa lililo karibu nalo.

Na magari yadumuyo baina ya Kasongo na Kabambare, katika njia ile iliyopitwa zamani na misafara ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu Tippu Tip, hayana ukoo mmoja. La mjomba wangu lilizaliwa Uingereza likiitwa Land Rover, kisha likarithi injini ya dizeli ya Toyota, giaboksi isiyojulikana nasaba yake, na mlango wa ubao uliorandwa na seremala yule yule atuchongeaye majeneza.

Tulikwenda ofisi moja nisiyoitaja, kwani tangu sheria ya mwaka 2015 ilipoondoa ukiritimba wa bima uliodumu toka 1966, kampuni zimekuwa kadhaa, na sitiri ni bora. Karani akalitazama gari, akaitazama orodha, akalirudia gari kwa huruma.

“Mzee, la namna hii halimo humu. Jirani yake ni Range Rover.”

“Andika, bwana karani,” akajibu mjomba, aliyekwisha kuchomwa na jua, “ujirani si dhambi.”

Kumbe ada hukisiwa kwa nguvu za injini, akalipia farasi ambao hajapata kuwamiliki. Kwenye kizuizi cha kwanza askari alikisoma cheti, akalizunguka gari, kisha akauliza kwa adabu kubwa ile Range Rover yenyewe imefichwa wapi. Lakini msiba hasa ulitungoja Kabambare, tulikokwenda kumposea binamu yangu: mkwe mmoja ajuaye kusoma alikiona cheti kiooni, akakisoma kwa sauti mbele ya baraza zima, na mahari yaliyokuwa yamekwisha kuafikiwa yakafufuliwa, mbuzi wakazidi, na cherehani ikaingia.

Ndoa imefungwa, alhamdulillahi, na deni lingalipo. Nawe msomaji, ukilikuta Range Rover lenye mlango wa mbao limekwama matopeni, tafadhali shuka utusaidie kulisukuma. Bima yake imelipwa kamili.