Maktaba Si ya Mtihani Peke Yake, Mura

Mfyuuu! Niacheni nisonye kwanza ndipo tuendelee. Hapa kijiweni Tarime mjini, kwenye kahawa ya saa kumi, dereva mmoja wa bodaboda ameuliza swali ambalo limenikaa kooni mpaka sasa: hivi mtu akishamaliza kidato cha nne, maktaba anaenda kufanya nini? Wenzake wakamrukia kwa pamoja. Maktaba ni ya wanafunzi, mura. Unaenda kupiga msuli, unapitia maswali ya miaka iliyopita, mtihani ukiisha mmemalizana. Mwalimu mmoja mstaafu aliyekaa pembeni mwa benchi akaweka kikombe chini. "Wanangu," akasema, "hapo ndipo mlipopotezwa."

Mimi niko na mwalimu, tena kwa moyo wote. Sisemi mwanafunzi asiende maktaba kupiga msuli. Mtoto anayetoka kwenye chumba kimoja na wadogo zake wanne, taa moja, redio ya jirani ikiunguruma, anahitaji meza na utulivu, na maktaba ikimpa hivyo tu imeshamsaidia. Lakini tumezoea kuiona kama ukumbi wa pamfleti, na mtu mzima akiingia bila sare ya shule anatazamwa kama aliyepotea njia. Fundi cherehani anayetaka hadithi ya kusoma wateja wakipungua, aende wapi? Mama muuza dagaa aliyeishia darasa la saba na bado anapenda kusoma, nani atamwambia "karibu mama, kuna kitabu hiki kitakufaa"?

Nchi hii haikuanza hivyo. Sheria ya kuunda Bodi ya Huduma za Maktaba ilipitishwa mwaka 1963, uhuru ukiwa bado mbichi. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere mwenyewe akafungua Maktaba Kuu kule Dar es Salaam. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Huku Kanda ya Ziwa tulikuwa na mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO, makao yake Mwanza, na likazaliwa gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho. Maktaba za vijiji zikafunguliwa kwa sababu ambayo mwalimu wetu anaieleza vizuri kuliko mimi: mtu mzima akijifunza kusoma halafu akakosa cha kusoma, haichukui muda anarudi kuweka dole gumba. Kwa takwimu za serikali, kufikia mwaka 1986 wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wameshuka hadi karibu asilimia 10. Baada ya hapo maktaba nyingi za vijiji zikafa kimyakimya.

Mwalimu anaikumbuka ya kwao. Sanduku la mbao lenye kufuli, vitabu vimegongwa mhuri wa wino wa zambarau, na nyuma ya kila jalada kikaratasi cha tarehe za kurudisha, zimepangana kuelekea chini, nyingine zimefutika kwa jasho la vidole. Anasema ukitazama kile kikaratasi ulijua kitabu gani kinapendwa kijijini bila kumuuliza mtu. Na aliyekuwa na ufunguo wa sanduku alikuwa amevisoma vyote, kwa hiyo ulimwambia tu jana usiku umegombana na nani, naye alijua akupe kipi.

Basi hiyo ndiyo kazi ya mkutubi! Kugonga mhuri na kunyamazisha watu ni sehemu ndogo tu ya kazi yake. Mimi ningekuwa mkutubi wa Tarime au Mugumu, kitabu cha kwanza kumshikisha mtu wa kijiweni kingekuwa cha Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Usiogope urefu wa jina. Mzee huyu wa kisiwa cha Ukerewe alikiandika kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945, akakosa wa kukichapa. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kikatoka Tanzania Publishing House mwaka 1980, na mwaka uliofuata mwenyewe akafariki. Miaka 35 mswada unasubiri, jamani! Ndani yake kuna mume ambaye wakwe wanakuja kumchukua binti yao kwa sababu ya maneno ya kukosa mtoto, na ili arudishiwe mkewe anadaiwa pombe ya ndizi. Sisi hapa tunabishana wiki nzima juu ya ng'ombe wa mahari na juu ya mwanamke anayesemwa kwa kutozaa. Kumbe jirani yetu wa ziwani aliyaandika hayo yote zamani, taratibu, kwa mapenzi ya mtu anayewajua watu wake.

Kisiwa hicho hicho kimetupa Gabriel Ruhumbika na Euphrase Kezilahabi. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni, baadaye ikaruhusiwa kufundishwa. Hiyo ningempa baba yeyote mwenye binti, hasa yule anayedhani kufoka ndiyo malezi. Dereva wa boda anayesubiri abiria ningempa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, amfuate mpelelezi Bwana Msa na kiko chake mpaka abiria amguse bega. Na kwa wale wanaosema kusoma ni kazi ya wasio na shughuli, ningewawekea mezani Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, mkoa wetu huu huu wa Mara, alimleta Shakespeare kwenye Kiswahili na nchi iko mikononi mwake.

Halafu kuna hili linalonisonyesha kuliko yote. Mwaka 2003, kampuni ya Brill ya Leiden, Uholanzi, ilichapa kitabu cha historia za Mara ya kusini. Mhariri wake ni Jan Bender Shetler, Mmarekani, lakini historia zenyewe ziliandikwa na wazee wa huku, kwa Kiswahili. Heshima kwake aliyezihifadhi. Ila kijana wa Natta au Issenye anayetaka kujua babu zake walitokea wapi, akishike wapi kitabu hicho? Maktaba ya jirani ingetakiwa iwe nacho, tena nakala kadhaa, kwenye rafu ya kwanza mlangoni.

Shughuli nazo hazihitaji mambo makubwa. Jumamosi asubuhi bibi mmoja aitwe asimulie hadithi kwa Kikurya, watoto wakae kwenye mkeka, kijana mmoja aandike. Baada ya mwaka mna kitabu chenu. Mpiga ritungu aje siku nyingine, nyimbo zake ziandikwe kabla hajaondoka nazo. Jioni moja ya wiki iwe ya kumsaidia mhitimu kujaza maombi ya mkopo wa chuo au ya Ajira Portal, badala ya kumwaga hela steshenari kwa mtu anayemharakisha. Kompyuta moja yenye intaneti ingewafungulia watoto Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu, ambako vitabu vya kiada vinasomwa bure. Na kwa vijiji vya mbali, wenzetu wa Kenya walianza kubeba vitabu kwa ngamia kule Garissa mwaka 1996. Sisi tumejaa bodaboda kuanzia Sirari mpaka Mugumu, tunashindwaje kufunga boksi la vitabu nyuma ya pikipiki?

Nisisahau Desemba. Shule zinafungwa, na ndio mwezi ambao msimu wa ukeketaji huangukia huku kwetu, ingawa sheria ya 1998 imeukataza kwa mabinti walio chini ya miaka 18. Wapo wasichana wanaokimbilia hifadhi kwenye vituo vya Masanga na Mugumu. Sisemi hadithi itazuia kisu. Hilo lina polisi wake, wazee wa mila wake na wazazi wake. Nasema msichana asiye na pa kwenda mchana kutwa, wiki zote za likizo, angekuwa na mlango mmoja ulio wazi, mtu mzima anayemjua jina, na wenzake wa kusoma nao. Maktaba inayofungwa shule zikifungwa inamwacha wakati anapoihitaji zaidi.

"Hela iko wapi?" akauliza yule wa boda, na hakuuliza kwa ubishi. Hela ipo, mura. Tangu sheria ya madini irekebishwe mwaka 2017, mgodi unatakiwa kila mwaka uandae mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Sisi tuna North Mara pale Nyamongo. Serengeti wana watalii, na vijiji vya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, Robanda miongoni mwake, hupata mgao wa utalii. Madarasa, zahanati na visima vitangulie, sina ugomvi. Lakini sijawahi kusikia hapa kijiweni mtu akisema diwani wake alisimama kudai vitabu, na diwani hadai kile ambacho wananchi hawajamtuma.

Basi mtumeni. Mkutano wa mtaa au wa kijiji ukifika kwenye "mengineyo", usinyanyuke kwenda zako. Simama, taja jina lako, omba chumba kimoja, mkutubi anayelipwa mshahara, na fungu la kununua vitabu kila mwaka. Kisha hakikisha katibu ameandika.