Barua ya Bibi Yaomba Kuvuka Mpaka

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Mawaziri,
Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha.

Waheshimiwa,

Pokeeni pongezi kwa mliyoyafanya Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe Februari 2018, lori hukaguliwa upande linakoingia tu. Mama anayevusha mahindi yasiyozidi thamani ya dola 2,000 hujaziwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, akaendelea na safari yake. Hata simu zilionewa huruma mwaka 2014, Kenya na Uganda zilipokubaliana kushusha gharama za kupigiana. Sasa mpaka umebaki kututenga na kitu kimoja cha hatari: barua ya bibi kwa mjukuu wa miaka mitano.

Tuikague. Ni karatasi iliyochanwa katikati ya daftari, yenye herufi kubwa kubwa, kuku wa kalamu nyekundu na vifaranga sita, pamoja na agizo kwamba mtoto awahesabu kwa sauti. Bibi yuko Busia, Kenya; mjukuu yuko Tororo, Uganda, karibu na Mwamba wa Tororo. Ukipiga mstari ulionyooka kati yao, haufiki kilomita 40. Lakini kwa kuwa huyu kuku ni wa kimataifa, hubandikwa stempu ya nje, hupelekwa Nairobi kukusanywa na barua za London na Dubai, huhamia Kampala, kisha hurudishwa mashariki hadi Tororo. Safari hiyo inapita kilomita 1,000. Inauma kukiri kwamba mkoloni, yule yule aliyewagawa Wasamia na Wateso pande mbili, barua zao aliziachia njia: kuanzia 1935 stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa za pamoja, ya Busia ikifaa Tororo. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la posta nalo likagawanywa. Jumuiya mmeifufua. Bahasha bado haijapata habari.

Mtasema siku hizi kuna WhatsApp. Ipo, lakini simu ni ya mama, chaji ni ya mama na bando ni la mama. Mtoto huitwa, husalimu, hujitazama kwenye kioo, kisha hukimbilia mpira. Barua ina jina lake juu, kwa hiyo ni mali yake. Husomewa leo, huidai tena kesho, na wiki ijayo humsahihisha msomaji anayeruka mstari, ingawa yeye mwenyewe hajui kusoma. Huko ndiko kusoma kunakoanzia, na hakuna wizara iliyolipia. Isitoshe, nchi zote mbili ziliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Kifungu cha 10 kinampa mtoto ambaye wazazi wake wanaishi nchi tofauti haki ya kuwasiliana nao mara kwa mara. Bibi si mzazi, kweli, na mwanasheria wenu atashinda hapo. Lakini akina baba na akina mama wanaotafuta riziki ng'ambo ya pili ya mpaka nao hupitia mlango huo huo wa Nairobi.

Ombi langu ni barua ivuke moja kwa moja hapo Busia. Mkihofia magendo, hoja ni nzito, hasa Busia, ambako sukari imezoea njia za panya bila stempu yoyote. Mwenye gunia hana haja ya bahasha. Mtasema pia kwamba barua ni chache mno kununuliwa gari. Hakuna anayeomba gari. Mfuko mmoja ukabidhiwe kaunta ya kituoni, ambapo maafisa wa nchi zote mbili tayari wako chini ya paa moja, na ubebwe na basi linalopita hata hivyo. Uchache wenyewe nao una sababu: nani atamwandikia mtoto ilhali vifaranga watakuwa wameshataga barua ikifika? Na kwa kuwa mtoto hana sanduku lake la posta, S.L.P. ya shule itoshe, pamoja na jina lake na darasa.

Hayo yakishindikana, naomba barua itambuliwe kuwa bidhaa. Asili yake ni ya hapa hapa, na thamani yake haifiki dola 2,000 hata kuku akijumlishwa. Ijaziwe kile cheti rahisi, ipigwe muhuri, iwekwe juu ya gunia la mahindi, ivuke.

Wenu mtiifu,
Mwananchi wa mpakani