Mtaro Umeziba, Tumenunua Boti

Korti yetu ina boti. Ni boti ya kupuliza, ya plastiki, rangi ya chungwa ndani na kijivu ubavuni, na hukaa kwenye kibanda cha soja pale langoni, chini ya jenereta tuliyoichangia zamani na ambayo hadi leo haijawahi kunguruma. Kutoka kibanda hicho hadi baharini ni kama kilomita 480. Hadi kwenye mtaro ulioziba, ambao ndio uliotuletea boti, mtoto wa chekechea anafika bila kushikwa mkono.

Kwa asiyeijua Buruburu, nieleze kidogo. Nyumba zetu zilijengwa kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzo wa 1980, Phase 1 hadi Phase 5, mapaa ya vigae vyekundu, zikapangwa kwa vikundi kuzunguka uwanja mmoja wenye lango moja. Kikundi hicho ndicho korti. Waliochora ramani hawakuwa wajinga. Walituachia bustani, njia za miguu na mitaro. Sisi tukaja na matofali. Mmoja akaongeza chumba, wa pili akaongeza duka, wa tatu kinyozi, wa nne akapandisha ghorofa juu ya kinyozi. Leo ukitafuta mtaro wa korti yetu utaupata chini ya choo cha nje cha katibu wa korti, na juu ya choo hicho kuna tangi la maji, na juu ya tangi kuna bango la mgombea aliyeshindwa.

Maji ya mvua hayasomi mabango. Yakikosa njia yake hurudi uani, yakaingia jikoni kwa watu.

Basi ikafika 2024. Usiku wa kuamkia 24 Aprili mvua ilinyesha Nairobi hadi watu wa Mathare wakakesha juu ya mapaa. Mukuru, Mto Ngong ulitoka kitandani mwake ukaingia vitandani mwa watu. Shule zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili ziliahirishwa, zikaahirishwa tena, zikafunguliwa 13 Mei. Kwetu maji yalifika magotini uani, tukapoteza mazulia na mkokoteni wa mama wa mboga. Ukilinganisha na wenzetu wa mitoni, tulinyunyiziwa tu. Lakini kundi la WhatsApp la korti lilivyopiga kelele, ungedhani sisi ndio tulioachwa na safina.

Hapo mtu akatuma video ya Msalaba Mwekundu wakiokoa watu kwa boti. Mwenyekiti akaandika, "Majirani, lazima tujipange." Mweka hazina, mama mstaafu wa benki, mtu ninayemheshimu sana, akauliza, "Mwenyekiti, na ule mtaro?" Kimya. Katibu, ambaye kwa kawaida hujibu kabla hujamaliza kuuliza, alionekana kuwa anaandika, akaacha, akaandika tena, akaacha. Kisha akatuma emoji ya mikono inayoomba.

Hesabu ilikuwa rahisi. Kuzibua mtaro kulitaka fundi, vibarua, na kuvunja choo cha katibu. Kununua boti kulitaka mchango tu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Korti yetu iliruka ufa na ukuta, ikaenda tauni kununua boti.

Ililetwa na boda, imefungwa kwenye katoni yenye picha ya familia ya kizungu ikitabasamu kwenye ziwa tulivu. Mwenyekiti akaitisha mkutano langoni. Mimi, kwa kuwa nina miwani na sina kazi Jumamosi, nikapewa maelezo nisome. Yalikuwa kwa lugha nyingi, na Kiswahili hakikuwamo. Onyo la kwanza, kwa herufi nyeusi, lilisema kitu hiki si kifaa cha kuokoa maisha.

Nikalisoma mara ya pili, kwa sauti. Tulikuwa tumechanga pesa tukanunua kifaa cha kuokoa maisha kinachojitetea kwenye katoni kwamba hakiokoi maisha.

"Mzee," mwenyekiti akaniambia kwa upole, "hayo ni maneno ya mawakili."

Nikaendelea kusoma. Mzigo: watu wazima wawili na mtoto mmoja, pamoja na jumla ya kilo. Korti yetu ina baba wawili ambao kwa hizo kilo, huyo mtoto wa picha angebaki nchi kavu. Usitumie kwenye maji yanayokwenda kasi. Usitumie upepo ukivuma kuelekea majini. Kila anayepanda avae jaketi la kuokolea maisha. "Majaketi yako wapi?" nikauliza. Katoni ikapinduliwa na kutikiswa. Yalianguka makasia mawili, kiraka, na pampu ya mguu.

Pampu hiyo nayo ina kesi yake. Vijana waliiona ya polepole, wakamwita fundi wa pancha wa Rabai Road, akaja na kompresa yake inayotetemesha madirisha. Nikasimama mbele ya ile boti, na kiuno changu hiki. Tairi la Probox hubeba karibu 30 psi. Boti nyingi za plastiki za aina hii hazifiki hata 1. Kompresa inafungua mishono yake kabla hujasema salama. Unajaza kwa mguu, chumba kimoja baada ya kingine, kwa sababu boti yoyote ya maana ina vyumba vya hewa vilivyotenganishwa, ili kimoja kikitoboka vingine vikubebe hadi ukingoni. Ukiona ina chumba kimoja tu, hiyo ni karai. Ikishajaa unaiacha ilale hadi asubuhi. Ikiamka imenywea, unafanya anavyofanya fundi wa pancha na tyubu: maji ya sabuni, unatazama mapovu yanapotokea.

Na usiikaze hadi ilie ngoma. Hewa ikipata jua hutanuka. Boti iliyokazwa asubuhi na kuachwa uani hadi saa saba mchana hupasuka mshono, na uani kwetu hapo zamani palikuwa na mti, sasa pana duka la kuuza vocha. Kinyume chake, ukiiweka kwenye maji baridi hulegea kidogo, ukaona umeibiwa. Hujaibiwa. Ongeza pumzi.

Haya yote niliyasema. Waliosikiliza ni mweka hazina na soja, na soja alikuwa kazini.

Mvua ikakatika. Watoto walikuwa bado nyumbani wanasubiri shule, na boti iko. Kwanza wakaijaza maji ikawa bwawa la kuogelea. Halafu wakaiburuta juu ya kabro kutoka lango hadi nyumba ya mwisho, watatu ndani, wanne wakivuta. Ua wa kayaba wa jirani ukaifanyia pancha ya kwanza. Nyumba fulani ikaandaa ruracio, sherehe ya mahari, boti ikajazwa barafu na soda. Nyumba nyingine ikaanikia mahindi. Pampu ikaazimwa kujazia godoro la wageni, na huko iliko Mungu anajua.

Sisemi boti za kupuliza ni mbaya. Kizazi chetu kilijifunza ubaharia Uhuru Park, kwenye kile kibwawa, Jumapili baada ya kanisa, umevaa suti na viatu vinavyobana, mpiga picha anakufuata ukingoni. Mle uliweza kusimama ukagusa chini, na mwenye boti alikuwa anakutazama kwa sababu alitaka boti yake irudi. Maji tulivu, kina kifupi, mtu mzima anayetazama: hapo boti ya kupuliza ni starehe halali kabisa.

Tatizo ni vijana wetu, ambao Desemba walipanga kuipeleka Naivasha. Nilizipata habari kwenye matatu, si kwenye kundi. Nganya zetu za Buruburu zina muziki wa kutoa meno, lakini siri za korti utazisikia tu. Walikuwa wamehesabu nyama, makaa, spika na vinywaji. Majaketi hawakuyahesabu.

"Mnajua kiboko?" nikawauliza.

"Mzee, kiboko anakula nyasi."

Ni kweli anakula nyasi. Hakuli boti, anaipindua tu, kwa sababu imekaa kati yake na mahali anapotaka kwenda. Waendesha boti wa Naivasha, wenye boti ngumu na injini, humpitia kiboko kwa mbali, na wao wamemjua tangu utotoni. Ziwa lenyewe asubuhi ni shwari, mchana upepo unaamka. Boti ya kupuliza haina uzito wala mkuku, imekaa juu ya maji tu, na upepo ukiishika makasia yale ya plastiki yanakuwa mapambo. Ongeza bia, na saa kumi jioni mnatafutwa.

Na siku hizi ziwa halikai mahali pake. Mwaka 2025 maji ya Naivasha yalipanda yakaingia mtaa wa Kihoto, watu wakahamishwa kwa boti kutoka kwenye nyumba zao wenyewe. Ukienda huko na boti yako ya kuchezea, utakuwa unapiga makasia mbele ya watu wanaookoa magodoro. Hata aibu ina mipaka.

Jambo lingine dogo, ambalo hakuna anayelisema kwa sababu si la kusisimua: ukitoka ziwa moja kwenda jingine, safisha boti na uianike hadi ikauke kabisa. Magugu maji yalitupata Naivasha na Viktoria, Nairobi Dam yakaifunika hadi klabu ya mashua iliyokuwa pale ikabaki hadithi. Kipande kidogo cha gugu hilo kinaota upya, na mbegu zake hukaa matopeni miaka mingi zikisubiri. Basi usiwe wewe uliyezibeba.

Wa Pwani watanicheka, wao bahari iko mlangoni. Lakini hata wao wanajua umande, ule upepo wa nchi kavu wa alfajiri. Mvuvi huutumia kutoka nje, na ana tanga la kumrudisha. Mtalii wa Buruburu aliyelala ndani ya boti ya kupuliza huku ameshika simu juu kupiga picha ya jua likichomoza, umande unamtoa nje pia, ila yeye hana tanga. Kama ni lazima, funga kamba ndefu, mtu mmoja abaki ufukweni ameishika, na umwambie mtu mwingine unarudi saa ngapi. Mtoto avae jaketi la kimo chake lenye mkanda wa kupita miguuni. Jaketi la baba litamvuka kichwani na kuelea peke yake.

Sasa turudi kwenye mafuriko, maana boti ilinunuliwa kwa ajili hiyo, na hapa sina mzaha.

Tarehe 28 Aprili 2024, Kona Punda, kwenye barabara ya Garissa iliyokuwa imemezwa na Mto Tana, boti iliyobeba watu ilizama. Watu 23 waliokolewa. Wengine hawakuokolewa. Ile ilikuwa boti ya kweli, kwenye kivuko ambacho watu walikuwa wanakitegemea kila siku ya mafuriko hayo. Maji ya mafuriko hayafanani na maji ya picha ya katoni. Sentimita 15 za maji yanayokimbia zinatosha kumwangusha mtu mzima. Ndani yake kuna mabati, misumari, nyaya za umeme zilizoanguka na choo cha kila mtu. Na Nairobi kuna mashimo ya majitaka yasiyo na vifuniko, maana vifuniko viliuzwa vyuma chakavu. Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo Januari 2022, ikairuhusu tena baada ya miezi michache, na vifuniko havikurudi vyenyewe. Maji yakifunika shimo, juu hulioni. Boti ya plastiki inayotobolewa na kayaba utaipitisha wapi hapo?

Waokoaji unaowaona kwenye video wamefunzwa, wana kamba, helmeti, majaketi na wenzao ukingoni, na boti zao ni za mpira mzito wenye vyumba vingi. Hazikununuliwa dukani pamoja na mipira ya ufukweni. Kazi ya mkazi maji yakianza kupanda ni kuzima umeme kwenye swichi kuu kabla hayajafika, kupandisha wazee na watoto juu, na kutoka mapema kwa miguu ikiwa njia bado ni kavu. Boti haimo.

Niliyasema haya kwenye mkutano wa mwisho wa korti. Nikapendekeza tuiweke boti kando, watoto waitumie kwenye kidimbwi kukiwa na mtu mzima na majaketi, na mchango unaofuata uende kwenye mtaro. Mweka hazina akaunga mkono. Katibu akasema pendekezo ni zuri na litahitaji kamati ndogo. Kamati ikaundwa. Mwenyekiti wake ni katibu.

Masika mengine hayako mbali. Kama mtaro wa korti yako unapita chini ya choo cha mtu, mwambieni avunje sasa, wakati bado mnasalimiana. Maji yakiwazidi, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Piga hiyo, usimpigie mwenyekiti wetu. Yeye bado anatafuta pampu.