Karafuu

Kosa la kwanza lilikuwa langu, nalo lilikuwa kosa la lugha. Mjukuu wangu wa miaka 13, ambaye tangu azaliwe katika mji huu wa Sheffield hajapata kuniomba kitu nikaweza kukikataa zaidi ya siku tatu, alikuwa amekwisha nishinda katika hoja ya kufuga fereti. Nami, kwa kuwa naamini kwamba kiumbe hai haingizwi katika nyumba ya Waswahili pasipo wakubwa kuarifiwa, nilimpigia simu dada yangu aliyeko Dar es Salaam. Fereti hakumjua, wala sikumlaumu, maana mnyama huyu hayumo katika mapori wala majumba ya kwetu. Nikamtafutia wa karibu yake kwa umbo na mwenendo, nikasema kwa bashasha: "Juma lijalo, dada, tunaleta kicheche nyumbani."

Kikapita kimya kirefu. "Kwa umri wako huo?" akauliza. "Na mkeo karidhia?"

Nilimjibu kwamba hapo awali mke wangu aligoma, bali sasa amelainika, na kwamba mgeni atalala sebuleni mpaka atuzoee. Simu ikakatwa. Ilinichukua robo saa kukumbuka kwamba kwa vijana wa Dar es Salaam neno hilo lina maana nyingine, isiyohusiana na manyoya, na kufikia Ijumaa nilikwisha pokea nasaha za jamaa kutoka Unguja, Mombasa na Maskati, mmoja wao akinikumbusha kwa adabu nyingi siku ya hesabu. Wote niliwaeleza wakanielewa. Dada peke yake hakupokea tena simu yangu.

Fereti mwenyewe, nawaomba wasomaji wanisadiki, ni mnyama wa heshima zake. Ni jamaa ya kicheche wa Ulaya, mrefu mwembamba kama soksi iliyotiwa mchanga, mwenye miguu mifupi na weusi uliozunguka macho mithili ya bibi harusi aliyelia wanja ukamwagika; nao watu wa huko wamemfuga kwa zaidi ya miaka 2,000 ili awaingilie sungura mashimoni na kuwatoa mbio kwenye nyavu. Jina lake la Kizungu lina asili ya neno la Kilatini lenye maana ya kijizi, na laiti ningaliijua tafsiri hiyo kabla ya kutoa ruhusa, ningaliokoa mali nyingi.

Wetu tulipewa na jirani, mchimba makaa aliyestaafu, mtu mkarimu na msema kweli isipokuwa azungumziapo samaki aliowavua. Ndiye aliyenihadithia kwamba katika nchi hii ya Yorkshire wanaume wamepata kushindana kwa kutia fereti wawili ndani ya suruali iliyofungwa kamba vifundoni, pasipo nguo ya ndani, mshindi akiwa ni yule astahimiliye zaidi; na kwamba mwaka 1981 mzee mmoja wa Barnsley, mchimba makaa kama yeye, alistahimili saa 5 na dakika 26. Nilidhani ni samaki mwingine, mpaka mjukuu aliponithibitishia. Basi usiku wa kwanza wa mgeni wetu, nikiwa nimeketi na kikoi changu, vazi lisilo na kamba vifundoni wala kizuizi cha namna yoyote, aliingia kwa chini. Nami natangaza bila haya kwamba rekodi ya Barnsley haikuwa katika hatari.

Lakini naitangulia hadithi. Kabla hajaja tuliambiwa tuitengeneze nyumba, na tadbiri kubwa katika hiyo ni kuziba matundu, kwani aghalabu palipopita kichwa cha fereti hupita fereti mzima. Mjukuu, kwa kutaka kunitia hima, alinisimulia habari za Felicia, fereti ambaye mwaka 1971 alitumiwa na maabara ya fizikia ya Fermilab, karibu na Chicago, akafungwa uzi na kupitishwa ndani ya mabomba marefu ya mtambo ili kwa uzi ule wataalamu wavute kitambaa cha kusafishia. Nikaona kwamba ikiwa watu wa atomu waliutegemea wembamba wake, nyumba yangu haina ujanja. Nilipiga magoti siku mbili, miwani puani na gundi mkononi, nikaziba nyuma ya jiko, chini ya sinki, kando ya mashine ya kufulia. Alipofunguliwa hakuyatazama hata kidogo matundu yangu. Alikwenda chini ya sofa, akatatua kitambaa cha chini kwa kucha, akaingia ndani ya sofa lenyewe. Nasi tukaketi juu yake watu watatu, kimya, tukimsikia akitembea chini ya makalio yetu kama mpangaji anayepanga vyombo.

Kuhusu choo, ana desturi ya kurudi kinyumenyume mpaka pembe ya chumba, na hapo hujisaidia. Kwa hiyo mwenye kufuga huweka sinia la choo penye pembe. Nyumba yetu ina vyumba vinne, navyo, jambo ambalo katika umri wangu wote sikupata kulifikiri, vina pembe kumi na sita.

Harufu yake nitaieleza kwa ufupi: ni miski iliyokosa malezi. Mjukuu alimwita Karafuu kwa matumaini kwamba jina huumba. Mke wangu, asiyetegemea majina, akamkosha kwa sabuni mara tatu katika juma moja, na kila alipokoshwa harufu ilizidi, mpaka daktari wa wanyama, siku ya kumdunga chanjo, alipotubainishia kwamba ngozi iliyovuliwa mafuta yake huharakisha kutoa mengine, na kwa hakika ni sisi wenyewe tuliokuwa tukiipalilia.

Shida ya joto ilikuwa nzito zaidi, kwa kuwa iligusa itikadi. Sisi watu wa pwani, tulioletwa na majaaliwa katika mji wa vilima na baridi, huwasha hita mwezi wa Oktoba tukasahau mahali pa kuizimia, na sebule ya mke wangu katikati ya Januari haina tofauti na Unguja wakati wa kaskazi. Fereti hawezi hayo. Hana jasho la kumpoza, na joto likikaribia nyuzi 30 huweza kuzimia na hata kufa. Aila ikakutana, ikapitisha kwamba chumba kimoja kibaki baridi kwa ajili yake. Na kwa kuwa kilichochaguliwa ni chumba changu cha kusomea, maneno haya nayaandika nikiwa nimevaa koti na skafu.

Ndimo nilimomkuta, Jumatano moja asubuhi, mjukuu akiwa shule. Niliinua blanketi nikamwona amelegea. Nikamwita, nikamtikisa, nikamnyanyua. Akaning'inia mikononi mwangu kama kanga iliyotolewa majini, ncha ya ulimi imechungulia pembeni mwa mdomo. Inna lillahi, nikasema, na mke wangu, ambaye mpaka siku ile alikuwa akimtaja kwa jina la "hicho kitu chenu", aliketi juu ya ngazi akalia. Tukashauriana kwamba mtoto asimkute katika hali ile. Yeye akapekua sanduku akatoa kipande cha bafta. Mimi nikatoka na sepetu bustanini, ambako ardhi ilikuwa imeganda kiasi kwamba dakika ishirini za kuchimba zilinipatia shimo la kutosha yai. Jirani alichungulia juu ya ua akauliza nafanya nini. Nilipomweleza kwa sauti ya msiba aliniuliza swali moja tu: ana baridi au ana moto? Ana moto, nikasema. Akaja, akafunua kitambaa, akampaka tone la mafuta ya samaki puani.

Pua ikacheza. Jicho moja likafunguka, likatutazama sote watatu, likaitazama bafta, likaitazama sepetu, kwa karaha ya mtu aliyegongewa mlango usiku wa manane. Ulimi ukaramba tone, mwayo ukafuata, naye akalala tena. Kumbe fereti hulala saa 14 mpaka 18 kwa siku, na pengine usingizi wake huwa mzito hata usitofautike na mauti, na hili hakuna aliyeona haja ya kutuambia. Mke wangu aliikunja bafta akairudisha sandukuni, akisema, huku akinitazama mimi, kwamba haiozi.

Kisha ikaingia Ramadhani. Fereti hali ila nyama, na chakula hupita mwilini mwake kwa saa tatu au nne, kwa hiyo hula mara kwa mara. Na jirani, kwa wema wake, alituletea mfuko wa vifaranga wa siku moja waliogandishwa, wanaouzwa huku kwa ajili ya wanyama wa namna hii. Niliutia ndani ya friza, kando ya sambusa. Sitaeleza kwa urefu jioni ile ambapo shoga mmoja wa mke wangu, aliyejitolea kusaidia jikoni, aliufungua mfuko ule mbele ya karai la mafuta yaliyokwisha chemka. Itoshe kwamba tulifuturu tende na maji, na kwamba hata leo wageni wetu huikata sambusa katikati wakaichungulia kabla ya kuila.

Hata hivyo, kwa upande wa saa, sijapata kuona kiumbe aliyeafikiana na mwezi ule kuliko yeye. Mchana hulala, huamka magharibi na alfajiri. Nyumba nzima iliponuna kwa usingizi wakati wa daku, yeye alitoka na ngoma yake, mgongo umepinda, mdomo wazi, akiruka upandeupande na kujigonga kwenye miguu ya viti, huku akitoa sauti ya du-du-du kama kuku anayejichekea. Usiku mmoja nilishuka kunywa maji nikamkuta mke wangu anasonga uji na kumhadithia ugomvi wa shangazi zake wa Makunduchi. Mnyama alikuwa ameketi juu ya ndara yake, akisikiliza. Mimi kisa hicho, katika miaka 41 ya ndoa, sijapata kuhadithiwa mpaka mwisho.

Mkesha wa Idi nikaikosa kofia yangu ya viua, kazi ya mkono ya Unguja, iliyotobolewa kwa sindano tundu moja moja kwa miezi. Tukalipindua sofa. Zikatoka soksi saba, tasbihi, kijiko cha kahawa, tende tatu, vitufe vya mpira vya rimoti, na kifaa changu cha kusikilizia, ambacho kwa siku kumi nilikuwa nikimhakikishia mke wangu kwamba nimekivaa. Katikati ya hazina hiyo palikuwa na kofia, na ndani ya kofia alikuwamo Karafuu, amejikunja duara, amelala. Nikanyosha mkono.

"Mwache, bwana," akasema mke wangu. "Amekesha na mimi."

Nilikwenda kuswali Idi na kofia ya sufi ya mjukuu, nyekundu na nyeupe, yenye kifundo utosini na nembo ya timu ya mpira nisiyoishangilia. Niliporudi simu ililia; alikuwa dada, ameniwia radhi kwa heshima ya sikukuu, lakini hakutaka kuzungumza nami, alimtaka mke wangu. Baada ya kupeana mkono wa Idi nikamsikia dada, sasa kwa kuwa kifaa kilikuwa kimerudi sikioni, akiuliza kwa sauti ya chini kama yule kicheche bado yumo nyumbani.

"Yumo, wifi," mke wangu akajibu. "Sasa hivi kalala kwenye kofia ya kaka'ko. Mwenyewe nimekwisha mzoea. Hana tabu, ila harufu tu."